Kabla hamjamwita Montiano mkombozi

Wanangu wa Jacksonville,

Jumapili nimewasikia mkibishana juu ya safari yetu ya St. Augustine, mji wa zamani wa Wahispania hapa Florida. Huyu anasema gavana Manuel de Montiano aliwakomboa watu weusi, apewe heshima yake. Yule anasema mkoloni ni mkoloni, asitajwe. Mimi nilinyamaza, nikanywa chai yangu. Sasa niacheni niseme.

Montiano alizaliwa Bilbao mwaka 1685, akawa askari, na mwaka 1737 akashika ugavana wa Florida, wakati huo koloni la Uhispania. Machi 1738 aliwapa uhuru watu waliotoroka utumwa wa Waingereza kule Carolina, akawaweka Mose, makazi yenye ngome kama kilomita tatu kaskazini ya St. Augustine. Wengi wenu mmesoma mpaka hapo mkafunga kitabu.

Lakini amri ya kuwaacha huru watoro waliobatizwa mfalme wa Uhispania aliitoa tangu 1693. Miaka 45! Mwaka 1729 gavana Benavides aliwanadi baadhi yao kama mbuzi. Francisco Menéndez, Mmandinka wa Afrika Magharibi aliyetoroka Carolina, aliongoza kikosi cha weusi naye bado ni mtumwa, akaandika maombi, akaandika tena. Montiano alikuta karatasi hizo zikimsubiri. Na hakuwa mjinga: vita na Waingereza vilikuwa vinanukia, na kila mtoro alikuwa hasara kwa Carolina na bunduki kwa Uhispania. Waliopewa uhuru walitakiwa wabatizwe na walinde njia ya kaskazini. Ndani ya mji wenyewe utumwa uliendelea kama kawaida.

Haki yake nampa. Oglethorpe, mkuu wa Waingereza wa Georgia, alipouzingira mji mwaka 1740, Montiano hakusalimu amri. Mkifika kwenye ngome ya mji, wekeni kiganja ukutani: ni visimbi vidogo vilivyogandamana vikawa jiwe, na risasi za mizinga ya Waingereza zilizama humo badala ya kuubomoa. (Mimi wa Mombasa naliona jiwe la matumbawe la Mji wa Kale, basi moyo hunienda mbio.) Watu wa Mose aliwaingiza mjini, na alfajiri moja ya Juni akawatuma askari wake, Wayamasee (wenyeji wa asili) na watu wa Menéndez kuitwaa Mose iliyokuwa imeshikwa na adui. Waliitwaa. Baadaye akamwandikia mfalme kumsifu Menéndez. Miaka miwili mbele akaivamia Georgia kwa merikebu nyingi, akarudi mikono mitupu, hilo halitatuchelewesha.

Linalonikera ni hili. Menéndez naye alimwandikia mfalme, akiomba ujira wa kazi yake. Hakupata. Akaingia baharini na maharamia wenye kibali cha Uhispania, akitumaini kufika Uhispania mwenyewe. Mwaka 1741 Waingereza wakamkamata, wakamchapa mijeledi 200, wakamuuza Bahamas. Montiano mwaka 1749 akapandishwa, akaenda kuwa gavana wa Panama.

Kwa hiyo mtakaposimama Mose, nataka anayemtetea gavana anieleze zile barua za Menéndez zilikuwa za nini, na anayemlaani anieleze zile kuta zingelindwa na nani. Jibuni mkiwa hapo, si kwenye simu. Na muwatafute watu wa mwaka 1759: kwenye orodha ya Mose ya mwaka huo yumo Menéndez, yuleyule, amerudi.

Tunaondoka saa moja asubuhi. Bebeni dawa ya mbu, vinamasi vile havina adabu.

Mzee wenu