Ufunguo ulikuwa Feri

Ndugu Mhariri,

Katika chumba kinachopakana na changu, hapa Mbagala, wanafungiwa watoto wawili, wa miaka minne na miwili. Mama yao hutoka saa kumi alfajiri kuwahi samaki soko la Feri, kisha hupita mitaani na beseni kichwani mpaka aishiwe. Ndani huwaachia chakula kwenye hotpoti, ndoo ya maji na kopo la kujisaidia. Adhana ikisikika, yule mkubwa hupanda kitandani akashika nondo za dirisha, akaniuliza: “Bibi, hiyo adhuhuri au alasiri?” Anajua mama hurudi baada ya alasiri.

Mwezi uliopita walichezea kibiriti. Moshi ulipotoka chini ya mlango, ufunguo ulikuwa Feri, kwenye kibindo cha mama yao. Vijana wa bodaboda walivunja komeo kwa nyundo. Godoro lilishaungua upande mmoja. Watoto tuliwakuta uvunguni, wamekumbatiana.

Mtaa mzima ukamgeukia mama: hana huruma, ashitakiwe. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mzazi amlinde mwanawe, nami siipingi. Lakini hakuna aliyemuuliza angewaacha kwa nani. Baba hayupo. Msichana wa kazi atamlipa nini? Kituo cha kulelea watoto cha karibu kinafunguliwa saa moja na nusu, na saa hiyo samaki wazuri wameshanunuliwa. Mimi miguu haina nguvu ya kukimbizana na mtoto wa miaka miwili; nawasikilizia ukutani tu, na inaniuma.

Mwaka 2021 Serikali ilizindua Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, kwa ajili ya watoto wa umri huu hasa. Naomba ifike kwenye chumba hiki. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo, na asilimia 4 ni ya vikundi vya wanawake. Kwenye mikutano ya mtaa nimesikia vikundi vya sabuni, batiki na kuku. Cha kulea watoto sijakisikia hata kimoja. Wapo kina mama wanaoweza kazi hiyo. Wakopesheni, wapeni chumba jirani na soko, wafungue alfajiri.

Komeo limeshatengenezwa na leo asubuhi kufuli lilikuwa pale pale. Safari hii ufunguo wa akiba ninao mimi.

Bibi wa jirani,
Mbagala, Dar es Salaam