Barua kwa mabinti waliouliza fedha ziende wapi

Wanangu,

Barua yenu nimeisoma mara tatu. Mnasema kikundi kimepata fedha, si nyingi, na mmegawanyika. Wapo wanaotaka zote zilipe ada za wasichana. Wapo wanaosema elimu ya afya ndiyo itangulie, kwa sababu wanawake wanakufa leo. Na wapo wachache wanaotaka mwenzenu mmoja asaidiwe amalize utafiti wake. Hao nasikia mliwazomea. Mmeniomba niamue. Nitawasimulia kwanza niliyoyaona wodi ya wazazi, maana humo ndimo uamuzi wangu ulimotoka.

Kila mwanamke anayejifungua hutokwa na damu, na mkunga haogopi damu. Kinachomtisha ni pale inapofika nusu lita na bado inaendelea. Sisi tulifundishwa kukadiria kwa macho: shuka limelowa kiasi gani, pamba ngapi zimebadilishwa. Nililiamini jicho langu, maana lilikuwa limeshaona mengi. Usiku mmoja nilimkagua mama aliyejifungua vizuri, nikaandika kwenye faili kwamba anaendelea salama, nikaenda kwa mwenzake aliyekuwa anasukuma. Niliporudi midomo ilikuwa imepauka. Damu ilikuwa imejikusanya chini yake, imenywewa na mashuka na godoro, na kwa juu hukuona kitu cha kukushtua. Tulihangaika naye hadi alfajiri. Hakupona. Mtoto wake alikuwa analia kitanda cha pili.

Mwaka 2023, mimi nimeshastaafu, yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa katika hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini, kwa wanawake zaidi ya 200,000. Walichofanya ni hiki: walimlaza mama juu ya plastiki yenye mfuko uliochorwa mistari ya vipimo. Damu inaingia mfukoni, mkunga anasoma namba. Ikifika mahali pa hatari, matibabu yote yanaanza kwa pamoja: kukanda tumbo la uzazi, dawa ya kulibana, dawa ya kuzuia damu isivuje, dripu, na kumkagua mama kujua damu inatoka wapi. Hakuna kusubiri moja lishindwe ndipo lijaribiwe jingine. Madhara makubwa ya kuvuja damu yalipungua kwa asilimia 60. Na kulikuwa na namba nyingine iliyonikalisha chini. Pale walipoendelea kukadiria kama tulivyokuwa tukikadiria sisi, waliogundulika kwamba wanavuja kupita kiasi walikuwa asilimia 51 tu. Kwa mfuko wenye mistari walifika asilimia 93.

Maana yake karibu nusu walikuwa wanatupita mbele ya macho. Dawa za kulibana tumbo la uzazi usiku ule tulikuwa nazo kabatini.

Sasa ninyi mliozomea, nisikilizeni kuhusu ile dawa ya kuzuia damu isivuje. Inaitwa asidi ya traneksamiki. Walioitambulisha ni mwanamke wa Japani, Utako Okamoto, pamoja na mume wake Shosuke, na andiko lao lilitoka mwaka 1962. Mama huyu alitafuta dawa hiyo huku akiwafikiria wanawake wanaokufa kwa kuvuja damu baada ya kujifungua. Hakuwa na wa kumwachia mtoto, akawa anambeba mgongoni mle mle maabara. Dawa ikapatikana. Lakini madaktari wa uzazi wa kwao aliowaomba waijaribu kwa wazazi hawakukubali. Ikawa inatumika kwa aina nyingine za kuvuja damu, wazazi wakabaki nyuma. Ni mwaka 2017 ndipo yalipotoka matokeo ya jaribio kubwa, wanawake wapatao 20,000 katika nchi 21, yakaonyesha kwamba ikitolewa ndani ya saa tatu tangu kujifungua inapunguza vifo vya kuvuja damu kwa karibu theluthi moja. Mwenyewe alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla, ana miaka 98.

Kuanzia 1962 hadi 2017 ni miaka 55. Kazi yangu yote, tangu siku niliyovaa sare hadi niliyoivua, imo ndani ya miaka hiyo.

Mwanasayansi alikuwepo, tena ameshamaliza sehemu yake. Waliokosekana ni watu wa kupaza sauti nje ya maabara: hii dawa mbona hamjaijaribu kwetu? Kwa hiyo ninyi wa elimu ya afya, kazi yenu haiishii kuwaambia wanawake waende kliniki. Mkishawaambia, wasikilizeni. Wahenga walisema mficha uchi hazai, na nimeona wengi wakificha maumivu ya hedhi na uchafu unaotoka ukeni hadi tatizo dogo likawa saratani. Lakini nimeona pia aliyejifunua, akasema yote, na aliyemsikiliza hakuandika hata neno moja. Hilo la pili linaniuma zaidi. Mwanamke asipoandikwa, hata kipimo cha dawa hukosewa kwake. Zolpidem, dawa ya usingizi, ilitumika Marekani miaka 20 kabla ya mamlaka ya huko kuagiza mwaka 2013 kwamba wanawake wapewe nusu ya kipimo cha zamani, kwa kuwa miili yao huiondoa polepole zaidi.

Na shule? Shule siibishanii. Usomeni tu mfuko ule: mistari na namba. Msichana anayekimbia hesabu kwa sababu aliambiwa si za wasichana, kesho atashindwa kuitetea hata afya yake mbele ya mtu mwenye takwimu. Lipeni ada, ndiyo. Ila msimwache aliyezaa akiwa bado mwanafunzi. Nimeona kwenye orodha yenu hayumo hata mmoja. Mwekeni, na mtenge fedha za mtu wa kumlelea mtoto saa za masomo, maana si kila mmoja ataruhusiwa kuingia darasani na mtoto mgongoni.

Mwenzenu wa utafiti mpeni za kumalizia. Mpeni kwa masharti mawili. La kwanza, asichukue damu wala tishu ya mwanamke yeyote kabla hajamweleza na kupata ridhaa yake. Mwaka 1951 huko Marekani, Henrietta Lacks, aliyekuwa na saratani ya mlango wa kizazi, alichukuliwa seli bila kuombwa. Seli hizo zimesaidia maabara za dunia nzima, na familia yake ilikaa miaka zaidi ya 20 bila kujua. La pili, matokeo ayarudishe kwa wale waliompa majibu, kwa lugha wanayoielewa, akae nao hadi maswali yaishe.

Wa elimu ya afya nunueni daftari kubwa. Kila mnakokwenda andikeni maswali ya wanawake kama walivyoyasema wao, msiyanyooshe. Kila mwezi mtafiti na wasichana mnaowalipia ada wakae wayapitie: lipi limeshajibiwa, lipi bado, nani wa kuulizwa.

Ukurasa wa kwanza andikeni langu. Mkunga aliyefiwa na mama mikononi mwake, akarudi zamu kesho yake kama kawaida, nani amewahi kumuuliza amelalaje tangu siku ile?

Ni mimi bibi yenu,
mkunga mstaafu