Serikali zinapoeleza ghasia za ugenini, tuulize zimejuaje

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua nieleze jambo linalonikera kila ubalozi wa nchi ya Magharibi unapozingirwa na umati au kuchomwa moto mahali fulani duniani. Kabla moto haujazimwa, msemaji wa serikali husika hujitokeza na sababu moja iliyonyooka: filamu, wachochezi, au propaganda ya taifa hasimu. Magazeti, lako likiwemo, huichapa sababu hiyo kama lilivyoletewa, kisha hugeukia habari nyingine. Msomaji asiyeridhika huambiwa kwamba anapenda nadharia za njama. Naona lawama hiyo si ya haki, kwa sababu wengi wa wasomaji hao wana kumbukumbu tu.

Wanakumbuka Benghazi. Usiku wa Septemba 11, 2012, ofisi ya kibalozi ya Marekani katika mji huo wa Libya ilivamiwa, na Balozi Christopher Stevens akauawa pamoja na Wamarekani wenzake watatu. Mapema siku hiyohiyo, mjini Cairo, waandamanaji waliokasirishwa na kipande cha filamu ya kumkashifu Mtume Muhammad, kilichotengenezwa Marekani na kusambazwa kwenye intaneti, waliparamia ukuta wa ubalozi na kuishusha bendera. Jumapili ya Septemba 16, Susan Rice, wakati huo mwakilishi wa Marekani katika Umoja wa Mataifa, alipita katika vipindi vitano vya televisheni akieleza kwamba, kwa taarifa zilizokuwapo, tukio la Benghazi lilianza kama maandamano yaliyozuka ghafla kwa kuiga yale ya Cairo. Katika kimojawapo cha vipindi hivyo, siku hiyohiyo, Mohamed Magariaf, kiongozi wa Bunge la Libya, alisema shambulio lilipangwa mapema. Mwezi Desemba tume ya uchunguzi iliyoongozwa na Balozi mstaafu Thomas Pickering ilihitimisha kwamba hapakuwa na maandamano yoyote nje ya jengo kabla ya shambulio, na kwamba ulinzi wake ulikuwa duni mno kwa hatari iliyokuwapo.

Uzito wa jambo upo hapo. Yakisemwa kuwa yalikuwa maandamano yaliyozuka ghafla, hakuna wa kulaumiwa isipokuwa umati na mtengeneza filamu. Yakisemwa kuwa lilikuwa shambulio la wanamgambo wenye silaha, katika mji ambao hatari zake zilijulikana, mtu atauliza kwa nini maombi ya kuongezewa walinzi hayakutimizwa, na nani aliamua hivyo. Wananchi waliohisi kwamba wamepewa maelezo yanayoifaa serikali hawakuhitaji kubuni njama yoyote ili wafike kwenye swali hilo.

Sidai kwamba Rice alitunga uongo. Alikuwa akifuata muhtasari ulioandaliwa na shirika la ujasusi la CIA, ambalo wakati huo nalo liliamini palikuwa na maandamano. Wala hasira juu ya filamu haikuwa ya kubuniwa: Tunis, Sanaa na Khartoum ziliwaka wiki hiyo, na Khartoum umati uliuchoma ubalozi wa Ujerumani, nchi ambayo haikuhusika kwa lolote na filamu hiyo. Kosa lilikuwa kulitoa jambo lililojulikana nusu kana kwamba limekwisha kujulikana lote. Baadaye wanasiasa wa Washington waligeuza kosa hilo kuwa silaha ya uchaguzi, na kamati ya mwisho ya Bunge ilitoa ripoti yake mwaka 2016, huku mjadala kuhusu usalama wa mabalozi ukiwa umefunikwa na ugomvi wa vyama.

Vyombo vya habari navyo havikuwa na mikono safi. Siku za kwanza, mashirika makubwa ya habari yaliripoti kwamba mtengenezaji wa filamu ile alikuwa Myahudi wa Israel aliyechangiwa fedha na Wayahudi 100. Haikuwa kweli hata kidogo: alikuwa Mkristo wa Kikopti mwenye asili ya Misri, mkazi wa California, aliyejificha nyuma ya jina la uongo. Madai hayo, yaliyoweza kuwagharimu watu wasio na hatia maisha yao, yalikwenda mbali kuliko masahihisho yake.

Mfano wa karibu zaidi nasi kwa wakati ni Ukanda wa Sahel. Januari 3, 2021, ndege za Ufaransa zilishambulia kusanyiko la watu karibu na kijiji cha Bounti, katikati ya Mali. Jeshi la Ufaransa lilisema waliouawa ni wapiganaji. Wanakijiji walisema ilikuwa harusi. Mwezi Machi wachunguzi wa Umoja wa Mataifa walithibitisha kwamba ilikuwa harusi, na kwamba kati ya watu 22 waliouawa, angalau 19 walikuwa raia, lakini Ufaransa iliikataa ripoti hiyo. Novemba 2022 Rais Emmanuel Macron aliilaumu Urusi kwa kulisha propaganda dhidi ya Ufaransa barani Afrika. Propaganda hiyo ipo kweli, na haipaswi kupuuzwa. Hata hivyo Desemba 2020 kampuni ya Facebook ilipofuta mitandao ya akaunti bandia zilizolenga Afrika, mmoja iliuhusisha na watu wenye uhusiano na jeshi la Ufaransa. Umati ulipoushambulia ubalozi wa Ufaransa mjini Niamey, Niger, Julai 30, 2023, baadhi wakiwa na bendera za Urusi, maelezo kwamba ni Urusi tu hayangeweza kumtosheleza mtu aliyesikia habari za Bounti.

Nakiri pia kwamba kutoamini kunaweza kuua. Novemba 1979 watu wenye silaha walipouteka Msikiti Mkuu wa Makka, na serikali ya Saudi Arabia ikabana habari, ulienea uvumi kwamba Marekani ndiyo iliyohusika, na kauli ya Ayatollah Khomeini, kiongozi wa Iran, iliyotangazwa redioni ikautia nguvu. Ubalozi wa Marekani mjini Islamabad ukachomwa, wakafa Wamarekani wawili na wafanyakazi wawili Wapakistani. Walioteka msikiti walikuwa kundi la Juhayman al-Otaybi, raia wa Saudi Arabia. Uvumi ulijaza nafasi iliyoachwa na ukimya wa wenye taarifa, na ndiyo maana naona maelezo ya serikali yana wajibu mkubwa kuliko wanavyodhani wanaoyatoa.

Kwa hiyo ninaloomba kwa gazeti lako ni dogo. Mnapochapa sababu iliyotolewa na serikali, iwe ya Washington, Paris, Moscow au Tehran, andikeni nani kaisema, siku ngapi baada ya tukio, na kwa ushahidi gani; na ripoti ya uchunguzi itakapotoka miezi mitatu baadaye, ipeni ukurasa uleule na ukubwa uleule mliowapa wasemaji wa siku ya kwanza.

Wako msomaji wa siku nyingi.