Mtizame mzee mdomoni

Wete, Pemba

Shoga yangu,

Assalaam alaykum. Ujumbe wako umenifika. Unasema mzee yuko siku ya nne ya sindano za seftriaksoni, ile antibiotiki, kwa homa ya mapafu, homa imeshuka, ila chakula hakitaki tena. Basi mtizame mdomoni leo hii, usingoje kesho.

Bimkubwa alipougua mapafu mwaka jana, sindano zilimfaa, kifua kikalegea. Siku ya tano akausukuma uji wa mchele, ati unamchoma. Nikadhani anadeka, nikamlazimisha siku mbili nzima. Usiku ule nilipommulika kwa simu, ulimi na mashavu kwa ndani yameshikwa utando mweupe kama tui lililoganda. Nikaupangusa kwa ncha ya kitambaa. Chini yake nyama nyekundu, inatoka damu. Wallahi nililia.

Daktari akanifahamisha kuwa antibiotiki, pamoja na bakteria wa ugonjwa, inaua na wale wema wanaoishi mdomoni na tumboni, ambao ndio wanaomzuia fangasi wa kandida asienee. Fangasi si bakteria, kwa hiyo sindano haimgusi, na mwenye sukari kama bimkubwa humshika upesi zaidi. Alipewa matone ya nistatini, dawa ya fangasi, ayazungushe mdomoni kisha ameze, na meno ya bandia ayavue usiku yasafishwe. Sindano ziliendelea hadi mwisho. Nawe usizikatishe kwa rai yako, wala usinunue antibiotiki nyengine dukani. Mwambie daktari anayemtibu.

Linalonitia khofu zaidi ni tumbo. Kuharisha kidogo kwa dawa hizi ni kawaida, lakini akenda choo cha maji mara tatu au zaidi kwa siku, tumbo likamsokota au homa ikarudi, mpeleke hospitali. Kuna bakteria aitwaye Clostridioides difficile, hushambulia utumbo mpana wale wema wakishapungua, na huweza kuzuka hata wiki kadhaa baada ya dawa kwisha. Usimpe vidonge vya kufunga tumbo kabla hajaonwa. Na nyote mnaomhudumia muoshe mikono kwa sabuni na maji, maana zile dawa za mikono za spiriti haziui mbegu za bakteria huyo.

Umri wake unajua mwenyewe, na figo zake hazina nguvu za kupoteza maji.

Ukishammulika nipigie, hata iwe usiku wa manane. Ukitaka nije, nitapanda boti ya kesho.

Nduguyo wa Wete