Wanaowainua vijana weusi wa Marekani wamo mitaani mwao

Mhariri,

Hivi karibuni ukurasa wenu wa maoni ulichapisha makala iliyowazungumzia vijana wa kiume weusi wa Marekani kana kwamba ni kundi lililokwisha kujipoteza: hawana baba, hawataki shule, wanapigana risasi, na sisi tunaoishi huku tukaaswa tuwaweke watoto wetu mbali nao. Mimi ni Mtanzania ninayeishi Louisville, katika jimbo la Kentucky, na naomba nafasi ya kuipinga hoja hiyo. Sisemi kwamba matatizo aliyoyataja mwandishi hayapo. Ninachosema ni kwamba aliacha nje nusu ya habari, yaani kazi inayofanywa na watu wa mitaa hiyohiyo, kwa miaka mingi, mara nyingi bila kamera, na ambayo sehemu yake imekwisha kupimwa na wataalamu na kuonekana inafaa.

Chukueni mfano wa Philadelphia. Mwishoni mwa miaka ya 1960 sehemu za mji huo zilikuwa zimegawanywa na magenge ya vijana, na kila mwaka makumi yao walikuwa wakiuana kwa kugombea pembe za barabara. Falaka Fattah, mwandishi wa habari aliyekuwa akihariri jarida dogo liitwalo Umoja, aligundua kwamba mmoja wa wanawe amejiunga na genge. Wazazi wengi tungemhamisha mtoto, au tungempeleka kwa ndugu wa mbali. Yeye na mumewe, David Fattah, ambaye alikuwa amezoea kukaa na vijana hao vijiweni na kuwasikiliza, waliamua kinyume chake: mwaka 1968 waliwaalika vijana wa genge la mwana wao, wapatao 15, waje kuishi nao katika nyumba yao ya West Philadelphia. Nyumba hiyo ikaitwa House of Umoja, na baadaye ikapanuka hadi ikachukua nyumba kadhaa za mtaa huo na kupokea mamia ya vijana. Mwaka 1974 waliendesha kampeni ya kuwataka viongozi wa magenge waahidi kuumaliza mwaka bila vita, na kufikia mwishoni mwa muongo ule vifo vya magenge vilikuwa vimeshuka sana. Sidai kwamba nyumba moja ndiyo iliyoutuliza mji mzima, kwa kuwa zilikuwapo juhudi nyingine pia. Ninachodai ni kwamba vijana wale walikubali kuketi na mahasimu wao kwa sababu waliowaita walikuwa watu waliolala nao chini ya paa moja na kula nao sahani moja, jambo ambalo ofisa wa ustawi wa jamii anayerudi kwake saa kumi na moja jioni, hata awe na moyo mwema namna gani, hawezi kulifanya.

Mwandishi wenu alilitilia mkazo suala la baba, na hapo ndipo ninapotofautiana naye zaidi. Kwanza, takwimu za taasisi ya serikali ya Marekani inayoshughulikia udhibiti wa magonjwa, zilizotolewa mwaka 2013, zilionyesha kwamba kina baba weusi wanaoishi na watoto wao huwaogesha, huwalisha na kuwasaidia kazi za shule kwa kiwango kilicho sawa na cha kina baba wa jamii nyingine au kilichozidi. Pili, mwaka 2018 mwanauchumi Raj Chetty na wenzake walitoa utafiti uliofuatilia takriban watu milioni 20 tangu utotoni hadi utu uzima, wakakuta kwamba mvulana mweusi aliyelelewa katika familia yenye kipato sawa na cha jirani yake mzungu huishia kupata kipato kidogo kuliko huyo jirani, na kwamba hali ni hiyo katika asilimia 99 ya maeneo yaliyochunguzwa. Basi hata mtoto wa mweusi tajiri hasalimiki. Maeneo machache ambako pengo hilo lilikuwa dogo yalikuwa na umaskini mdogo, wazungu wenye ubaguzi mdogo, na kina baba weusi wengi wanaoishi na watoto wao. Tena, na hili linafaa kusomwa mara mbili, faida ya kuwapo kwa kina baba hao ilimfikia hata mvulana ambaye wa kwake mwenyewe hayupo nyumbani. Kwa maneno mengine, swali la kuuliza si kama kijana huyu ana baba tu, bali pia ni wanaume wangapi watu wazima anaokutana nao kila siku kati ya nyumbani na shuleni, wanaomjua kwa jina.

Mpango mmoja uliojengwa juu ya fikra ya namna hiyo uko Chicago na unaitwa Becoming a Man. Ulianzishwa mwaka 2001 na mshauri wa shule aliyelelewa bila baba katika mji huohuo. Wavulana wachache hukaa duara mara moja kwa wiki, kwa saa moja, ndani ya muda wa masomo, pamoja na mwanamume mmoja ambaye hawahubirii wala hawaadhibu. Wenye kulijua jando la zamani watautambua mpangilio huo: kundi dogo, mtu mzima anayeaminika, mambo yanayobaki ndani ya kundi, na maswali ambayo kijana hathubutu kuyauliza nyumbani. Katika zoezi moja wanalolifanya mapema, kijana mmoja hupewa mpira mdogo aufumbate kiganjani, kisha mwenzake huambiwa ana sekunde 30 za kuupata. Kwa kawaida huanza kusukumana, kukunjana vidole na hata kuangushana. Muda ukiisha, mshauri huuliza kwa nini hakuna hata mmoja aliyemwomba mwenzake ampe mpira. Wengine hujibu kwamba asingetoa, wengine kwamba wangeonekana dhaifu. Ndipo aliyekuwa ameushika huulizwa angefanya nini kama angeombwa, na mara nyingi jibu lake ni kwamba angeutoa tu, kwani ni mpira.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago waliupima mpango huo kwa kulinganisha wavulana waliopata nafasi kwa kura na wale walioikosa. Katika kipindi cha mpango, kukamatwa kwa makosa ya kutumia nguvu kulipungua kwa asilimia 45 hadi 50 miongoni mwa walioshiriki, na kundi la kwanza lilipofuatiliwa hadi mwisho, idadi ya waliomaliza sekondari iliongezeka kwa asilimia 12 hadi 19. Lakini haki ni haki: vikao vilipokoma, ile tofauti ya kukamatwa na polisi ilififia. Wapo wanaoitumia habari hiyo kuonyesha kwamba mpango haufai. Mimi naisoma vingine. Kijana anayerudi katika mtaa uleule, wenye bastola zilezile na ajira zilezile zisizopatikana, anahitaji duara lisilovunjwa mwaka wa masomo unapokwisha, na hakuna mzazi wa tabaka la kati, mweusi au mweupe, anayeacha kumlea mwanawe baada ya miaka miwili kwa kuwa ruzuku imekwisha.

Sehemu ambayo haihitaji ruzuku ili iendelee kufunguliwa kila Jumamosi ni saluni ya kinyozi. Kwa wanaume weusi wa Marekani, kiti cha kinyozi kimekuwa kwa vizazi vingi mahali pa siasa, mpira, mizaha na siri, na tangu zama za ubaguzi wa kisheria saluni ilikuwa mojawapo ya biashara chache ambazo mtu mweusi angeweza kuzimiliki mwenyewe. Huko Los Angeles, Daktari Ronald Victor na wenzake walipeleka wafamasia katika saluni hizo, wakawapata wanaume weusi 319 wenye shinikizo la damu katika saluni 52. Katika saluni zilizopewa mfamasia aliyekuja kuwapima na kuwaandikia dawa papo hapo, kwa makubaliano na madaktari wao, kipimo cha juu cha shinikizo kilishuka kwa wastani wa pointi 27 ndani ya miezi sita. Katika saluni ambako kinyozi alihimiza tu wateja waende hospitali na wabadili mlo, kilishuka kwa pointi 9 hivi. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2018. Hayakupatikana kwa kuwa dawa zilikuwa mpya, maana zilikuwa zilezile za kawaida; kilichobadilika ni mahali na mtu aliyemwambia mgonjwa, "Kaa, tukupime kwanza." Kule Little Rock, Arkansas, Lorenzo Lewis, ambaye mama yake alimzaa akiwa gerezani, alianzisha mwaka 2016 mradi wa The Confess Project unaowafundisha vinyozi kusikiliza, kutambua dalili za msongo na huzuni kwa wateja wao, na kuwaelekeza kwenye msaada. Mwanamume asiyeweza kuingia katika ofisi ya mshauri wa afya ya akili, kwa aibu au kwa kukosa bima, hukaa dakika 40 mbele ya kinyozi kila baada ya wiki mbili.

Shuleni nako kuna pengo ambalo watu wenyewe wamejaribu kuliziba. Walimu wa kiume weusi hawazidi asilimia 2 hivi ya walimu wa shule za umma za Marekani, na tangu mwaka 2000 Chuo Kikuu cha Clemson, kikishirikiana na vyuo vilivyoanzishwa zamani kwa ajili ya weusi huko South Carolina, kimekuwa kikiwasomesha vijana weusi ili warudi kufundisha shule za msingi.

Nakubali kwamba zipo hoja nzito dhidi ya juhudi hizi zote. Mwaka 2014, Rais Barack Obama alipozindua mpango wa My Brother's Keeper kwa ajili ya wavulana weusi na wengine wasio wazungu, zaidi ya wanawake 1,000 waliandika barua ya wazi wakiuliza kwa nini dada zao wameachwa, ilhali wanakaa nyumba zilezile na kusoma shule zilezile. Walikuwa na haki ya kuuliza, na mradi wowote wa wavulana unaomsahau dada aliyeketi chumba cha pili una kasoro. Hoja nyingine inanigusa zaidi: wanasiasa hupenda sana kusikia kwamba jamii inajisaidia, kwa sababu husikia ndani yake kwamba wao hawana deni. Kinyozi hawezi kufuta sheria inayomfukuza mtoto shuleni kwa kosa dogo, wala House of Umoja haikuweza kurudisha viwanda vilivyoondoka Philadelphia. Ninapowasifu watu hawa sitaki nionekane nikiisamehe serikali. Nataka mji na jimbo walipe, na walipe kwa muda mrefu, lakini usukani uachwe kwa wale ambao vijana wanawafungulia mlango.

Narudi kwetu. Louisville ndiko alikozaliwa Muhammad Ali, na wasomaji wengi wanaijua habari ya baiskeli yake iliyoibwa mwaka 1954, akiwa na miaka 12, na polisi mzungu aliyemwambia kwamba kabla ya kumpiga mwizi ajifunze kwanza kupigana. Isiyojulikana sana ni habari ya Fred Stoner, mwalimu mweusi aliyewafunza wavulana ndondi katika ukumbi mdogo wa jamii hapa mjini, na ambaye Ali pia alipita mikononi mwake. Wanaume wa aina ya Stoner bado wapo, ila sisi Waswahili wa huku hatuwajui kwa kuwa hatuendi kwao. Jijini hapa kuna familia nyingi za Wakongo na Warundi, baadhi yao waliotokea kambi ya Nyarugusu mkoani Kigoma. Kijana wao anazungumza Kiswahili na mama yake jikoni, lakini akisimamishwa barabarani na polisi hakuna anayemuuliza kama babu yake alitoka Fizi kule Kongo au Alabama hapa Marekani. Kumwambia kijana huyo akae mbali na weusi wa Marekani ni kumnyima watu pekee wenye uzoefu wa kumwelekeza namna ya kuishi ndani ya hali hiyo bila kuvunjika.

Vyama vyetu vina nguvu. Mtu akifiwa, fedha za kusafirisha maiti hupatikana kwa kasi ya kustaajabisha, na sherehe zetu hujaza kumbi. Nilipouliza katika mkutano wa chama chetu kwa nini tusitenge wanaume watano wa kukaa na wavulana wetu kila wiki pamoja na wenyeji wanaoifanya kazi hiyo tayari, wazee walinijibu, kwa ukweli kabisa, kwamba wengi wao wanafanya zamu za usiku maghalani na mchana wanalala. Sijalipuuza jibu hilo. Ndiyo maana napendekeza tuanze na vinyozi wetu, ambao wavulana huwaendea hata bila kuagizwa, tuwalipie mafunzo, na tuwafidie saa watakazopoteza kwa kusikiliza badala ya kunyoa. Wanaume wachache ambao zamu zao zinaruhusu waanze mapema kujaza fomu za kujitolea, kwa kuwa shule za huku hazimruhusu mtu mzima kukaa na watoto kabla rekodi yake ya polisi haijakaguliwa, na muhula mpya unafunguliwa Agosti.

Wenu,
Msomaji,
Louisville, Kentucky, Marekani