Yah: Chaja ya Kutunza Betri Inayolala Umeme Ukikatika

Shangani,
Mtwara.

Meneja, Huduma kwa Wateja,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Chaja hii niliinunua kwa wakala wenu hapa Mtwara mjini na risiti ya EFD ninayo. Nina gari dogo lisilotembea sana. Msimu wa korosho ukifunguliwa Oktoba nahamia Newala, huko natumia pikapu ya kazini, na gari langu linabaki bandani hadi minada iishe.

Gari lililozimwa halijaacha kula umeme. Kuna alamu, saa, redio, kompyuta ya injini. Vyote hivyo vikivuta miliampia 50 tu, betri ya ampia-saa 45 inafika nusu kabla wiki tatu hazijaisha. Ikikaa hivyo, salfeti inaganda kwenye plati zake na baadaye hata ukiichaji haijai. Ndiyo maana nikanunua chaja ambayo boksi lake linasema inaweza kuachwa imechomekwa miezi na miezi.

Niliporudi gari lilikuwa kimya, hata taa za dashibodi hazikuwaka. Ni otomatiki, kwa hiyo vijana wa mtaani wasingeweza hata kunisukuma. Fundi umeme alipima betri akakuta volti 10.9, wakati iliyojaa na kutulia husoma 12.6 au zaidi. Chaja ilikuwa imechomekwa, soketi ina umeme, na taa yake inawaka.

Fundi akazima swichi ya ukutani, akaiwasha tena. Chaja haikuendelea kuchaji. Ilibaki inasubiri mtu abonyeze kitufe cha kuchagua aina ya betri. Alipoweka mita katikati ya waya, tukaona kwamba ikisubiri hivyo inavuta umeme kidogo kutoka kwenye betri yenyewe. Yaani siku umeme ulipokatika mara ya kwanza, chaja yenu iliacha kulisha betri ikaanza kuinyonya. Ni nyumba gani Mtwara inayomaliza msimu mzima bila umeme kukatika? Hata huko kwenu Dar sidhani.

Kijitabu chake nimekisoma chote. Hakuna mstari hata mmoja unaoeleza jambo hili.

Wakala wenu alisema betri ilikuwa mbovu tangu mwanzo, ingawa ilipimwa dukani kabla sijasafiri na ikaonekana nzima. Kisha akanishauri nimwachie jirani funguo za banda awe anakuja kubonyeza kitufe. Ndugu Meneja, kama ni kumpata mtu wa kuja kila umeme ukirudi, huyo huyo angeliwasha gari akaenda nalo Mikindani na kurudi, na chaja yenu nisingekuwa na haja nayo. Video ya fundi akizima na kuwasha swichi nilimtumia wakala kwa WhatsApp. Tiki zimekuwa za bluu, jibu hakuna.

Niseme na haki yake: ikiamshwa inafanya kazi vizuri. Inapanda hadi volti 14.4, betri ikijaa inashuka hadi 13.5 na kutulia hapo, haichemshi maji ya betri kama zile chaja za gereji. Tatizo ni moja, haikumbuki ilikuwa inafanya nini kabla ya giza.

Naomba mnirudishie fedha za chaja na mnilipe bei ya betri iliyokufa. Kama mna aina inayojirudisha yenyewe kwenye kazi umeme ukirudi, nitaipokea badala ya fedha za chaja, lakini dai la betri liko palepale. Zilizobaki dukani zibandikwe maelezo ya Kiswahili juu ya kitufe hicho kabla hazijauzwa kwa mwingine.

Nisipopata jibu la maandishi ndani ya siku 14, nitalipeleka suala hili Tume ya Ushindani (FCC). Nakala ya risiti na picha za mita nimeambatisha. Chaja yenyewe ninayo, wakala anaweza kuja kuijaribu mbele ya fundi siku yoyote.

Wenu,
Mteja, Shangani