Majina ya watu uliowahoji

Morogoro, Jumapili usiku

Shoga yangu Zawadi,

Salamu nyingi, na mama mpe shikamoo yangu. Ujumbe wako niliusikiliza mara ya kwanza nikiwa jikoni, nikaurudia watoto walipolala. Kwa hiyo huyo bwana anataka orodha ya wamachinga wote uliowahoji kwenye utafiti wako, majina na namba za simu, eti kwa kumbukumbu za ofisi. Na msimamizi wako naye anasema mpe tu, yaishe. Mimi nasema usimpe. Na usidhani nakutia kiburi. Kuna mwanamke mmoja Mturuki ambaye tangu uniambie haya hanitoki akilini.

Anaitwa Pınar Selek. Kazaliwa Istanbul mwaka 1971, katika nyumba ya sheria na siasa. Baba yake, Alp, ni wakili, na jeshi lilipopindua serikali mwaka 1980 alikaa gerezani miaka kadhaa, kwa hiyo binti alizoea foleni ya kumwona mfungwa tangu utotoni. Akasoma sosholojia. Angeweza kutulia na vitabu vyake, lakini yeye akashuka mitaani. Karibu na uwanja wa Taksim kuna mtaa mdogo, Ülker Sokak, walikokuwa wakiishi wanawake waliobadili jinsia. Mwaka 1996 Umoja wa Mataifa ulifanya mkutano wake mkubwa wa makazi hapo hapo Istanbul, na wakati huo huo wakazi wale wakawa wanafukuzwa kwenye nyumba zao kwa vipigo. Mkutano wa makazi, Zawadi! Pınar aliwaandikia utafiti, baadaye ukawa kitabu. Na hakuwahoji akaondoka zake. Yeye na wenzake walianzisha karakana ya sanaa ambamo watoto wa mitaani, Waroma (wale wanaoitwa majipsi), makahaba na watu wasio na makazi walikaa pamoja, wakaokota vitu vilivyotupwa jalalani wakavitengeneza upya, wakacheza maigizo.

Halafu akagusa pasipoguswa. Aliamua kuwahoji Wakurdi waliokuwa kwenye mapambano ya PKK, chama cha Wakurdi kilichoshika silaha dhidi ya serikali ya Uturuki, awaulize kwa nini walichukua silaha na nini kingewafanya waziweke chini. Tarehe 11 Julai 1998 polisi wakamkamata. Walichokitaka kwake kilikuwa kile kile anachokitaka bwana wako: majina. Akakataa. Walimning'iniza kwa mikono hadi bega likateguka, wakampitishia umeme. Majina hawakuyapata.

Sasa sikiliza yaliyofuata. Siku mbili kabla hajakamatwa, kulitokea mlipuko kwenye Soko la Misri, lile soko maarufu la viungo pale Eminönü, Istanbul. Watu 7 walikufa, zaidi ya 100 wakajeruhiwa. Katika mahojiano yale yote ya polisi hakuna aliyemtajia soko. Yuko gerezani, anatazama televisheni, ndipo anajiona anatangazwa kuwa ndiye aliyetega bomu. Kijana mmoja alikuwa amesema walilitega pamoja. Alipofika mbele ya hakimu akakana, akaeleza kwamba aliteswa mpaka akasema. Ripoti za wataalamu nazo zikaonyesha kuwa ulikuwa mlipuko wa gesi. Pınar akatoka Desemba 2000, baada ya miaka miwili na nusu ndani.

Ungedhani kesi imekwisha. Mwaka 2006 mahakama ikamwona hana hatia. Rufaa. Mwaka 2008 hana hatia tena. Rufaa. 2011, hana hatia. Kisha mahakama ile ile ikajigeuka, na Januari 2013 akahukumiwa kifungo cha maisha. Mwaka uliofuata hukumu ikatenguliwa, na Desemba 2014 akaachiwa kwa mara ya nne. Tukavuta pumzi, sisi tunaofuatilia. Lakini Juni 2022 ikatangazwa kwamba mahakama ya juu imefuta hata huko kuachiwa, na Januari 2023 ikatolewa hati ya kumkamata popote alipo duniani. Kesi ikaanza upya, na tangu hapo ni kuahirishwa baada ya kuahirishwa. Dada yake, Seyda, alikuwa mtu wa uchumi; aliacha kazi akasoma sheria ili amtetee. Hapo ndipo mimi huishiwa maneno. Mtu anaanza shahada nyingine kwa sababu ya kesi ya dada yake, anamaliza, anakuwa wakili, na kesi bado ipo.

Kinachonikera ni namna wengi wanavyomsimulia, kana kwamba maisha yake yote ni bega lile lililoteguka. Huyu ni mwandishi. Alipotoka gerezani alishiriki kuanzisha Amargi, kikundi cha wanawake kilichokuwa na jarida na duka lake la vitabu. Akaandika kuhusu jinsi jeshi linavyowafinyanga vijana wa Kituruki kuwa "wanaume", kitabu ambacho kwa maoni yangu kingefaa kusomwa hata na kaka zetu waliopita JKT. Kaandika hadithi za watoto. Mwaka 2009 akaihama nchi, kwanza Ujerumani, kisha Ufaransa. Akachukua udaktari wake Strasbourg, akapata uraia wa Ufaransa mwaka 2017, sasa anafundisha chuo kikuu Nice. Riwaya yake kuhusu watu wa mtaa mmoja wa Istanbul ilitoka akiwa tayari uhamishoni. Baada ya hapo akaandika kuhusu Waarmenia, watu waliouawa kwa wingi huko wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, na ukimya aliolelewa nao juu yao, jambo ambalo Uturuki halikupunguzii maadui.

Najua, wewe huko hutegemei kuning'inizwa na mtu. Huyo bwana pengine anataka tu faili lake lijae. Lakini wewe mwenyewe uliniambia yule mama wa vitumbua alikubali kuzungumza baada ya wewe kumwahidi kuwa jina lake litabaki kwako, na mwezi ujao kuna zoezi la kuwaondoa barabarani. Orodha ikishatoka mkononi mwako hutaweza kuirudisha, na hutajua imesomwa na nani.

Kwa hiyo fanya hivi. Usiku huu huu badilisha majina yote kwenye kompyuta yawe namba, na daftari lenye majina lipeleke kwa mama, alifungie kwenye kabati lake. Namba za simu zifute kwenye ile simu unayotembea nayo. Kisha mwandikie bwana barua ya upole, umwambie fomu ya ridhaa uliyosaini na wahojiwa haikuruhusu, na nakala ipeleke kwa kamati ya maadili ya chuo. Msimamizi akikasirika, mwambie aseme hivyo kwa maandishi. Wengi hapo hupoa wenyewe. Rasimu nitumie kabla ya Ijumaa niipitie, maana najua kalamu yako ikiwa na hasira inavyokuwa.

Shemeji anakusalimu.

Shoga yako,
Mwanaidi